Dawa Ile Ile, Samaki Yule Yule, Lakini Maji Ndiyo Huamua

HEBU tuanze na mabeseni matatu ya maji. Katika kila beseni tia samaki wachanga wa aina moja, walioanguliwa wakati mmoja, wote wazima. Kisha tia dawa ya aina moja kwa kipimo kimoja, miligramu 1.3 kwa kila lita ya maji. Joto liwe sawa, hewa iwe sawa, mwangaza uwe sawa. Funga mlango uende zako, urudi baada ya siku nne.

Ukirudi utakuta ajabu. Katika beseni la kwanza samaki wengi bado wanaogelea. Katika la pili karibu nusu wamekufa. Katika la tatu huenda usikute hata mmoja aliye hai. Utawaza kwamba kuna mtu aliyeingia usiku akaongeza dawa katika lile beseni la mwisho. La hasha! Hakuna aliyegusa kitu. Tofauti ilikuwa ndani ya maji yenyewe tangu mwanzo, nayo haionekani kwa macho wala haina harufu.

Jambo hili si hadithi. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo walilomfanyia samaki mdogo wa kwao aitwaye medaka. Dawa waliyotumia ni fluoksetini, inayotibu ugonjwa wa mfadhaiko, ambayo wengi huijua kwa jina la Prozac. Walitafuta kile kipimo cha dawa kinachoua nusu ya samaki wachanga kwa muda wa saa 96. Katika maji ya pH 7, kipimo hicho kilikuwa miligramu 5.5 kwa lita. Katika pH 8 kilishuka hadi 1.3. Katika pH 9 kilikuwa 0.20 tu. Yaani dawa ile ile, kwa samaki wale wale, ilizidi ukali zaidi ya mara 25 kwa sababu ya maji peke yake.

Labda unajiuliza: medaka wa Japani ananihusu nini mimi ninayeishi Umoja, Kondele au Nakuru? Anakuhusu, kwa sababu dawa tunazomeza majumbani mwetu hazimalizikii tumboni. Huishia mitoni na maziwani. Na siku utakaposoma gazetini kwamba kiasi fulani cha dawa kimepatikana katika mto fulani lakini "hakina madhara", utahitaji kujua kwamba maneno hayo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni maji.

LIMAU NA MAGADI

Wanafunzi wanaijua pH kutoka darasa la kemia. Wazazi waliokwisha kusahau waende jikoni. Maji ya limau ni asidi kali, pH yake ni kama 2. Maziwa ya mala yanakaribia 4 na nusu. Maji safi kabisa yako katikati, kwenye 7. Ukitia magadi katika maharagwe ili yaive upesi, umepanda upande wa pili wa ngazi, upande wa alkali, na maji ya magadi yenyewe hufika 10 na zaidi.

Ngazi hii ina ujanja wake ambao huwadanganya wengi. Kila kidato ni mara kumi. Kutoka pH 7 hadi 9 hujapanda vidato viwili tu, umebadilisha mambo mara mia. Kwa hiyo ukisikia ziwa limetoka pH 7.5 asubuhi likafika 9 alasiri, usilichukulie kuwa jambo dogo.

Sasa, pH inaihusu vipi dawa? Dawa nyingi za hospitalini ni besi hafifu au asidi hafifu. Dawa ya namna hiyo huwa katika hali mbili. Kuna chembe zake zilizobeba chaji ya umeme, na kuna zile zisizobeba chaji yoyote. Chembe hizo hubadilishana hali kila mara, na pH ya maji ndiyo huamua wangapi wawe huku na wangapi wawe kule.

Na hapo ndipo maisha ya samaki yanapoamuliwa. Ngozi nyembamba ya kila seli ya mwili, pamoja na zile za matamvua, yaani yale mashavu mekundu ambayo samaki hupumulia, imeumbwa kwa mafuta. Mafuta hayapendi chaji. Fikiria abiria aliyebeba gunia la viazi kichwani akitaka kupanda matatu saa ya jioni. Utingo atamzuia mlangoni. Akilitua gunia, anapenya bila shida. Kwa dawa, gunia ni ile chaji. Chembe yenye chaji huzuiwa nje kwa kiasi kikubwa, na chembe isiyo na chaji huteleza katika mafuta hadi ndani ya damu.

Huenda wewe mwenyewe umewahi kuyaonja haya mdomoni. Ulikwenda kung'oa jino lililotunga usaha, daktari akakudunga sindano ya ganzi, ukangoja, lakini alipogusa jino uliruka juu. Watu wengi hudhani dawa ilikuwa mbovu. Kumbe mahali penye usaha huwa na asidi, na dawa ya ganzi ni besi hafifu. Katika asidi chembe zake nyingi hubeba chaji, zikashindwa kupenya hadi ndani ya mshipa wa fahamu. Dawa ilikuwepo ila mlango ulifungwa.

SAMAKI AMEKUWA DEMA

Fluoksetini nayo ni besi hafifu. Katika maji ya pH 7, takriban chembe moja tu kati ya elfu moja haina chaji. Katika pH 8 ni kama moja kati ya mia. Katika pH 9 inakaribia moja kati ya kumi. Unaona mwenyewe jinsi mlango unavyofunguka.

Lakini tazama vizuri hesabu hiyo. Chembe zinazoweza kupenya ziliongezeka karibu mara mia, ilhali ukali wa dawa uliongezeka mara 27 au 28 hivi. Mbona hazilingani? Ni kwa sababu samaki si mfuko wa mafuta uliotundikwa majini. Anapumua. Anapumua akitoa kabonidioksaidi, nayo huyafanya maji yaliyogusana na matamvua yake yawe na asidi kidogo kuliko maji ya mbali. Hivyo samaki hujitengenezea ukanda mwembamba wa maji yake mwenyewe. Tena, hata chembe zenye chaji hazizuiwi zote, baadhi hupata njia. Kemia ya darasani hutuonyesha mwelekeo, lakini kiumbe hai huongeza yake.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naona ndilo zito kuliko yote. Damu ya samaki iko karibu na pH 7.8. Dawa ikitoka katika maji ya pH 9 na kuingia katika damu hiyo, chembe nyingi hupata chaji tena. Zimeingia bila gunia, na sasa zimetwikwa gunia zikiwa ndani, na mlango wa kutokea ni ule ule wa mafuta. Wavuvi wa Pwani wanaujua mtego uitwao dema, ambao samaki huingia kwa urahisi asione njia ya kutoka. Hapa samaki mwenyewe ndiye amekuwa dema, na dawa ndiyo iliyonaswa.

Wajapani wale walipima hilo pia. Katika maji ya pH 7, mwili wa medaka ulikusanya dawa mara 8.8 kuliko iliyokuwa katika maji. Katika pH 8 ikawa mara 30, na katika pH 9 mara 260. Kwenye ini ilikuwa mara 330, kisha 580, kisha 3,100.

Mwaka uliofuata, 2009, watafiti wa Texas huko Marekani walichapisha habari inayofanana na hiyo kuhusu dawa nyingine ya mfadhaiko, setralini, na samaki wa aina nyingine. Katika pH 6.5 kipimo cha kuua nusu ya samaki kwa saa 48 kilikuwa maikrogramu 647 kwa lita. Katika pH 8.5 kilikuwa 72. Ni tofauti ya mara tisa, na hakuna maji ya ajabu hapo. pH 6.5 na pH 8.5 zote ni za kawaida katika mito na maziwa ya dunia hii.

Si dawa zote zinazofuata njia hiyo. Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni asidi hafifu, nazo mambo yake huenda kinyume. Hizo hupata chaji katika maji ya alkali na kuipoteza katika maji ya asidi. Madaktari huitumia tabia hiyo kuokoa maisha: mtu aliyemeza aspirini kupita kiasi hutiwa bikaboneti ya sodiamu mshipani ili mkojo wake uwe alkali, aspirini ipate chaji, ishindwe kurudi katika damu, itoke nje. Kwa samaki maana yake ni kwamba dawa za maumivu humtisha zaidi katika maji ya asidi. Na diklofenaki si ya kuchezea. Watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2004 kwamba maikrogramu 5 kwa lita, kwa siku 28, zilitosha kuharibu figo na matamvua ya samaki aina ya trauti.

Kisha kuna dawa zisizojali pH hata kidogo. Homoni ya vidonge vya kupanga uzazi, kwa mfano, haina chaji katika maji ya kawaida ya ziwa. Kati ya mwaka 2001 na 2003 wanasayansi wa Kanada waliitia homoni hiyo katika ziwa dogo la utafiti huko Ontario, kwa kiasi cha nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Samaki wadogo wa kiume walianza kutengeneza protini ya mayai, na jamii yao katika ziwa hilo ikakaribia kutoweka. Nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu. Kwa dawa kama hiyo hutapata nafuu kwa kubadilisha maji.

Tena, pH si jambo pekee katika maji. Bila shaka umewahi kukatazwa na mwuza dawa kunywa tetrasaiklini pamoja na maziwa. Sababu ni kwamba kalsiamu iliyo katika maziwa huishika dawa hiyo isiingie mwilini. Kalsiamu na magnesiamu zilizo katika maji magumu au maji ya bahari hufanya vivyo hivyo, na wafugaji wa samaki wa baharini wanajua kwamba dawa za jamii hiyo hufanya kazi kidogo huko. Hata tope lina kazi yake, kwa maana chembe zenye chaji chanya hupenda kung'ang'ania udongo wa mfinyanzi.

MTO NAIROBI NA SEPTRIN

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2016 zilichapishwa tafiti mbili ambazo kila mkazi wa Nairobi angepaswa kuzijua. Moja ilifanywa na watafiti wa Kenya na Ufini, nyingine na watafiti wa Kenya na Ubelgiji, na hii ya pili ilifika hadi Kisumu. Walichota maji ya mito na maji taka, wakayapima. Walipata viuavijasumu, walipata dawa za maumivu, na walipata dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kama lamivudini, zidovudini na nevirapini.

Usiharakishe kuwalaumu wenye viwanda. Njia kubwa ya dawa kufika mtoni ni mwili wako na wangu. Lamivudini unayomeza, karibu asilimia 70 hutoka katika mkojo ikiwa vile vile ilivyoingia. Metfomini ya wagonjwa wa kisukari hutoka karibu yote. Mgonjwa hana kosa, anatumia dawa inayomweka hai, na asithubutu kuiacha kwa sababu ya kusoma makala hii. Ila choo kikivutwa, dawa inaanza safari.

Chukua Septrin, ambayo haikosi katika kabati nyingi za nyumba zetu. Kidonge kimoja cha Septrin kina dawa mbili, salfamethoksazoli na trimethoprimu, na zote mbili zimepatikana katika maji ya Mto Nairobi. Ya kwanza ni asidi hafifu, ya pili ni besi hafifu. Maji yakiteremka pH, ya kwanza ndiyo hupenya vizuri zaidi. Yakipanda, ni zamu ya pili. Hivyo kidonge kimoja kilichomezwa Eastleigh kinaweza kuwa na tabia moja katika maji ya asubuhi na tabia nyingine katika maji ya alasiri. (Kwa samaki mwenyewe Septrin si sumu kali. Inaowatisha zaidi ni bakteria na mwani, ambao ndio chanzo cha chakula chake. Lakini kama mfano wa kemia, sijapata bora kuliko huo.)

Kwa nini asubuhi na alasiri? Kwa sababu ya mwani, ule ukijani wa majini. Jua likiwaka, mwani hufyonza kabonidioksaidi iliyo katika maji ili ujitengenezee chakula. Kabonidioksaidi majini ni asidi, kwa hiyo ikifyonzwa pH hupanda. Usiku mwani nao hupumua, hewa hiyo hurudi, pH ikashuka. Maji yenye mwani mwingi yanaweza kupanda kidato kizima au zaidi kati ya alfajiri na saa tisa mchana, kisha yakashuka tena kabla ya jogoo kuwika.

Hapa pana jambo la kukera kidogo. Sehemu kubwa ya maji taka ya Nairobi husafishwa katika madimbwi makubwa ya Dandora yaliyo kule Ruai, kisha humwagwa Mto Nairobi, ambao huingia Athi, ukawa Galana, ukawa Sabaki, hadi Bahari Hindi karibu na Malindi. Madimbwi ya aina hiyo, popote yalipo duniani, hufanya kazi kwa jua na mwani. Jua likiwa kali, pH ya dimbwi hupita 9, nao wahandisi hufurahi, kwa sababu bakteria wa kinyesi hufa. Ni mbinu nzuri, rahisi, isiyohitaji umeme, na sisemi iachwe. Ila pH hiyo hiyo inayomwua bakteria ndiyo inayozivua chaji dawa za jamii ya besi. Tunasafisha kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine tunamfungulia dawa mlango.

Ghuba ya Winam huko Kisumu nayo ina mwani mwingi unaotanda majini kama rangi ya kijani iliyomwagika, na maji taka ya mji, yaliyosafishwa na yasiyosafishwa, huingia humo. Mtafiti akichota maji alfajiri, akayapima pH na dawa, akarudi mjini kunywa chai, atakuwa na nambari za kweli ambazo hazimwambii lolote kuhusu saa tisa mchana.

TILAPIA WA MAGADI

Kama unadhani haya ni mambo ya maabara ya wazungu, nenda Ziwa Magadi. Maji yake yana pH ya karibu 10, yaani samaki wa pale anaishi katika kitu kinachokaribia yale maji ya magadi tunayopikia maharagwe. Na samaki yupo, tilapia mdogo asiyepatikana katika maziwa mengi. Huyu ana habari ya kutupa kuhusu besi hafifu, ingawa besi yake si dawa bali ni uchafu wake mwenyewe.

Samaki wa kawaida hutoa uchafu wake kwa njia ya amonia, inayotoka kupitia matamvua. Amonia ni besi hafifu. Katika maji ya pH 7 chini ya asilimia moja yake haina chaji. Katika pH 9, kwenye joto la nyuzi 25, zaidi ya thuluthi moja haina chaji, na hiyo ndiyo inayoua. Mfugaji wa samaki mwenye bwawa la kijani anayejiuliza mbona samaki wake huwa hoi wakati wa mchana, kisha usiku wakapata nafuu, aanzie hapo.

Katika maji ya pH 10 amonia haitoki kabisa kwa njia ya kawaida. Ingemrudia samaki na kumwua. Mwaka 1989 wanasayansi wa nchi za nje, wakishirikiana na wa Kenya, walieleza katika jarida la Nature kwamba tilapia wa Magadi ameacha kabisa kutoa amonia. Huigeuza yote kuwa urea, kama tunavyofanya mimi na wewe katika mkojo wetu. Urea haijali pH. Ilimchukua samaki huyo vizazi visivyohesabika kupata jibu hilo, naye alikuwa akijibu tatizo la zamani sana. Prozac ni ya juzi tu.

Tilapia huyo alipelekwa Ziwa Nakuru katika miaka ya 1950 na 1960, na ziwa hilo hupokea maji taka yaliyosafishwa ya mji wa Nakuru. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limefurika, na mafuriko huyapunguza makali maji ya ziwa la magadi. Fanya hesabu mwenyewe: katika pH 10, takriban nusu ya chembe zote za fluoksetini huwa hazina chaji. Katika mto wa pH 7 ni moja kati ya elfu.

JE, TUACHE KULA SAMAKI?

Najua swali hili linakuja, hasa samaki akiwa mezani. Jibu langu ni kwamba ule. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya samaki waliovuliwa katika mito ya miji mitano inayopokea maji taka mengi, ikiwemo Chicago na Dallas. Kiasi kikubwa kabisa cha setralini walichokuta katika nyama ya samaki kilikuwa nanogramu 19 kwa gramu. Ukila robo kilo ya samaki wa namna hiyo umekula kama sehemu tano za elfu moja ya miligramu. Kidonge kimoja cha dawa hiyo huwa na miligramu 50. Ungehitaji milo zaidi ya 10,000 ufikie kidonge kimoja. Ini lilikuwa na nyingi zaidi, nanogramu 545 kwa gramu, lakini ni nani hula ini la samaki kwa kilo?

Mwenye shida si mlaji, ni samaki. Nawe usidhani atakufa na kuelea juu kama katika mabeseni yetu. Dawa zilizo mitoni kwa kawaida ni kidogo sana kuliko za maabara. Madhara yake huja kimya kimya. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba dawa moja ya kutuliza wasiwasi, kwa maikrogramu 1.8 kwa lita, iliwafanya samaki wawe wajasiri kupita kawaida, waache kundi, wale upesi. Samaki jasiri asiye na kundi ni chakula cha ndege. Hatakufa kwa sumu, ataliwa, na hakuna atakayeandika kwamba dawa ndiyo iliyomwua.

Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi mkubwa wa mito 258 katika nchi 104. Katika zaidi kidogo ya robo ya sehemu 1,052 zilizopimwa, angalau dawa moja ilipita kiwango kinachodhaniwa kuwa salama kwa viumbe wa majini. Ni taarifa nzito. Lakini kiwango salama katika maji gani? Kwa amonia sheria zimekwisha kulijibu swali hilo. Marekani, kwa mfano, katika kanuni zake za mwaka 2013, haina nambari moja ya amonia. Ina jedwali refu, na nambari hubadilika kwa kila pH na kila joto. Kwa dawa za hospitalini, mara nyingi bado hutumika nambari moja iliyopatikana katika maji ya maabara yenye pH ya karibu 7 au 8, kisha hupelekwa mtoni, ziwani na kwenye dimbwi la kijani kana kwamba maji yote ni mamoja. Mimi sioni sababu ya nchi yenye Naivasha, Winam, Nakuru na Magadi kukubali nambari moja.

KABATI NA KABEJI

Yaliyo mkononi mwako nyumbani ni machache lakini si bure. Vidonge vilivyopitwa na wakati au vilivyobaki usivimwage chooni wala kwenye sinki. Uliza duka la dawa au hospitali iliyo karibu kama wanapokea dawa za kuteketezwa. Pasipokuwa na njia hiyo, vitoe katika karatasi zake, vichanganye na majivu au majani ya chai yaliyotumika, ufunge vizuri ndani ya mfuko ndipo utupe. Kufanya hivyo pia humkinga mtoto anayeokota takataka asivione vikamvutia kama peremende. Na usinunue dozi usiyoihitaji.

Wanafunzi nao wana kazi ya likizo. Nunua kabeji ile ya rangi ya zambarau, ikatekate, ichemshe kwa dakika kumi, chuja maji yake. Kwanza yajaribu kwa vitu unavyovijua. Tia matone ya limau, yatageuka mekundu. Tia magadi kidogo, yatakuwa kijani. Maji safi yatabaki kati ya zambarau na samawati. Sasa tafuta bwawa au dimbwi lenye ukijani, mkiwa na mtu mzima, msiende peke yenu. Chota maji alfajiri katika chupa moja, na saa tisa alasiri katika chupa nyingine, na upime kila chupa papo hapo ulipochota, kabla hewa haijaingia na kubadilisha mambo. Linganisha rangi na uziandike daftarini pamoja na saa. Maji ya kabeji hukaa siku mbili tatu katika friji yakianza kunuka, na sufria uioshe mwenyewe.